Nani anakagua safari za waheshimiwa wetu?

Haya ni maneno tuliyosoma kwenye mkutano wa tawi Jumamosi. Wengi mlizuiwa na mvua, kwa hivyo tunayatuma yalivyo.

Mwezi uliopita mama mmoja alituuliza: diwani akisema alikuwa Mombasa siku 5 kwa kazi ya kamati, nani huhakikisha? Kamati yenu haikuwa na jibu. Leo tunalo, na si tamu.

Karani wa kaunti akipewa masurufu ya safari, kanuni za fedha za 2015 zinampa siku 7 za kazi baada ya kurudi awe amewasilisha hesabu. Asipowasilisha, pesa hukatwa kwenye mshahara wake pamoja na riba. Sisi tuliosomea uhasibu tunaijua kanuni hii vizuri. Kuna waliokatwa kwa sababu ya risiti ya hoteli iliyofutika kwa jasho mfukoni.

Kwa waheshimiwa, shida ni nani anayeshika kalamu. Malipo ya wabunge husimamiwa na Tume ya Huduma za Bunge. Mwenyekiti ni Spika, 7 ni wabunge, na ni 2 tu wanaotoka nje ya Bunge. Hao 2 pia huteuliwa na Bunge. Kwenye kaunti, bodi huongozwa na spika wa bunge hilo hilo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akipata kasoro, ripoti yake hupelekwa Bungeni au kwenye bunge la kaunti ijadiliwe. Yaani anayetajwa ndani ya ripoti anaketi kwenye kikao cha kuijadili.

Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti kila robo mwaka, na safari za ndani na za nje zimo. Tunamshukuru. Lakini tunachopata ni jumla. Ni kama kuonyeshwa bili ya maji ya ploti nzima bila kujua ni nyumba gani iliyoacha mfereji wazi.

Msituambie usimamizi huru hauwezekani. Mnakumbuka marupurupu ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi ambayo wabunge walijiongezea? Tume ya Mishahara na Marupurupu ilikwenda mahakamani, na Desemba 2020 Mahakama Kuu ikasema malipo hayo ni kinyume cha sheria, pesa zirudishwe. Hapo chombo kisicho cha wabunge kilisimama. Upungufu ni kwamba tume hii hupanga viwango tu. Haifuatilii kama safari ilifanyika, ilichukua siku ngapi, au ilileta nini.

Uingereza walifika huko kwa aibu. Mwaka 2009 gazeti la Daily Telegraph lilianika madai ya wabunge. Mmoja alikuwa ameomba alipiwe kibanda cha bata cha pauni 1,645. (Hilo lilikataliwa, lakini mengine mengi yalikuwa yamepita.) Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuunda mamlaka huru inayoweka masharti, inayolipa, na inayochapisha madai ya kila mbunge kwa jina. Baadhi yao walifungwa jela.

Mwenzetu mmoja kwenye kamati alipinga tusiseme haya. Alisema Agosti 2027 iko karibu na tunawapa wapinzani fimbo ya kumchapa diwani wetu. Hofu yake si ya bure. Na tukubali, sisi wenyewe tuna mkono katika hili. Kukitokea matanga, tunampigia diwani kabla hata ya kupiga hema. Karo, yeye. Harambee, yeye. Mshahara wake tunaujua. Hatujawahi kuuliza hizo nyingine hutoka wapi. Tulipiga kura, 6 kwa 3, tukaamua kusema.

Tunataka sheria ya kuunda ofisi huru itakayokagua safari za wabunge na madiwani na kuchapisha kila moja kwa jina. Hiyo itachukua muda, na watakaoipitisha ni wao. Kwa hivyo tunaanzia panapotuhusu: yeyote anayetaka tawi hili limuunge mkono kwenye mchujo atatia sahihi kwamba kila miezi mitatu ataleta orodha ya safari zake: alikokwenda, tarehe, kazi, nani alilipa, kiasi gani. Diwani wetu wa sasa tumempelekea barua. Hajajibu.

Na sisi tusijifiche. Wajumbe wetu 3 walikwenda mkutano wa kaunti kwa nauli ya shilingi 900 kila mmoja, jumla 2,700. Tiketi 2 ziko kwenye faili. Ya tatu haipo, na ni ya katibu wenu. Zile 900 zimerudishwa kwa mweka hazina, risiti nambari 14. Faili iko wazi kwa mwanachama yeyote kila Jumamosi asubuhi.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Tawi