Kilo Zinazokuja na Figo Mpya



Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Tulishangilia, na ilistahili. Ila katika kushangilia upasuaji tuliusahau mwili utakaoishi na figo hiyo kwa miaka. Jioni hii nazungumzia kilo na sura ya mgonjwa, mambo ambayo baadhi yetu madaktari huyaona ni ya saluni.

Tuanze na njaa. Mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki anaishi kwa makatazo: ndizi kwa uchache, madafu marufuku, mchicha uchemshwe na maji yamwagwe, hata maji ya kunywa hupimwa kwa kikombe. Sumu zilizojaa mwilini humtia ladha ya chuma mdomoni. Kisha anapata figo. Haipiti muda ile ladha inatoweka, makatazo mengi yanalegezwa, na wakati huohuo anaanza kumeza prednisoloni, dawa inayoamsha hamu ya kula kuliko achari. Mtu huyo akiandaliwa sinia la pilau, nani amlaumu? Wengi huongezeka kilo 5 hadi 10 katika mwaka wa kwanza.

Tena kilo zenyewe hazijigawi sawasawa. Prednisoloni huyarundika mafuta usoni, nyuma ya shingo na tumboni, huku ikila misuli ya mapaja na mabega. Ndiyo maana utamwona mgonjwa mwenye mashavu yaliyojaa akishindwa kuinuka kwenye kigoda mpaka ajishike ukutani. Mizani inasema ameongezeka. Mapaja yanasema amepungua. Takrolimasi, inayoizuia kinga isiishambulie figo, huwatetemesha wengine vidole na kuwanyonyoa nywele. Siklosporini, iliyoitangulia, huotesha nywele hata pale zisipotakiwa na kuvimbisha fizi. Kwa binti wa miaka 20 hilo si jambo dogo, na anayemwambia ashukuru tu kwamba yu hai hajamsaidia.

Mafuta ya tumboni nayo hayaji peke yake. Prednisoloni na takrolimasi hupandisha sukari, na kitambi huongezea. Wapo wanaoingia chumba cha upasuaji bila kisukari na kukipata baadaye. Magonjwa ya moyo ni miongoni mwa yanayowaua zaidi watu ambao figo yao mpya bado inafanya kazi vizuri.

Na huku mtaani? Pongezi tupu. Tangu miaka ile UKIMWI ulipotufundisha kuuogopa wembamba, unene kwetu ni cheti cha uzima. "Shoga, umenawiri! Figo imekukubali!" Shangazi anaongeza samli. Aliyeambiwa kliniki apunguze mwili anarudi nyumbani na kukuta ukoo mzima una hofu kwamba akikonda ugonjwa umerudi. Ushauri wa lishe anaopewa mgonjwa peke yake, anayempikia hayupo, ni karatasi tu.

Linalonitisha zaidi ni yule anayejitazama kwenye kioo, asijitambue, kisha akaanza kuruka vidonge kimyakimya. Au ananunua chai ya kupunguza mwili. Prednisoloni ikikatwa ghafla, mwili uliokwisha zoea kuitegemea huishiwa nguvu, presha huweza kushuka vibaya, na kinga hupata nafasi ya kuivamia figo. Miti shamba huweza kuvuruga kiwango cha takrolimasi katika damu. Hata balungi hufanya hivyo. Figo iliyotolewa na dada wa tumbo moja inapotea kwa sababu ya mashavu. Lawama naielekeza kwetu, tusiomwambia mapema kwamba kwa wengi uso hupungua kadiri daktari anavyoshusha dozi.

Tiba yenyewe haina miujiza. Kutembea kuanze wodini. Wiki 6 hadi 8 za kwanza asibebe ndoo wala gunia. Baada ya hapo, daktari akiruhusu, misuli ifanyishwe kazi, kwa sababu kutembea peke yake hakurudishi mapaja. Ugali upungue, mboga zijae sahani, soda ziondoke mezani.

Mizani iwepo nyumbani. Apime kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na aandike. Kilo 2 zilizokuja kwa miezi miwili aghalabu ni mafuta. Kilo 2 kwa siku mbili, miguu ikivimba na mkojo ukipungua, ni maji, na huenda figo inakataliwa. Siku hiyo usijinyime chakula. Piga simu hospitali.

Wenzangu wa hospitali na wizara, afisa lishe aingie kwenye timu kabla ya upasuaji, na anayempikia mgonjwa aitwe kikaoni. Nawe unayemeza dawa hizi, kama kuna kidonge unachokichukia kwa jinsi kinavyokubadilisha, tuambie kabla hujakiacha.