Sarafu za Kale na Isnadi Zake



Kila Mwislamu aisomaye Suratul Kahf siku ya Ijumaa hupita juu ya kisa cha kipande cha fedha. Vijana wale waliolala pangoni miaka mingi walipoamka walimtuma mmoja wao mjini, na fedha yao mkononi, akawanunulie chakula kilicho safi. Wafasiri husimulia kwamba muuzaji alipoitazama fedha ile alishangaa, maana ilikuwa na chapa ya mfalme aliyekwisha kufa zamani. Akamdhania kijana kuwa amefukua hazina. Vijana wenyewe walidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Fedha ile ndiyo iliyosema kweli.

Hiyo ndiyo kazi ya sarafu ya kale: kushuhudia. Na ushahidi una masharti yake. Wanavyuoni wa Hadithi hawakuipokea habari kwa uzuri wa maneno yake tu. Waliuliza imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Maneno ndiyo matini, na mlolongo wa wapokezi ndio isnadi. Sarafu nayo ina vyote viwili. Matini yake ni maandishi yaliyo usoni pake. Isnadi yake ni mahali ilipolala ardhini, kina chake, na vitu vilivyokuwa pamoja nayo. Mwenye kuiokota akaitia mfukoni bila ya kuyahifadhi hayo ameikata isnadi, wala hapana fundi awezaye kuiunga tena.

Asidhani mtu kwamba elimu hii ni mchezo wa matajiri. Mwaka 77 wa Hijra, yaani 696 hadi 697, Khalifa Abdul Malik bin Marwan alipiga dinari isiyo na sura ya kiumbe, bali maneno ya Tauhidi na mwaka wa kupigwa kwake. Kabla ya hapo Waislamu walitumia sarafu za Warumi na za Waajemi, au zilizofuata mfano wa hizo. Dinari za Abdul Malik zimo katika makumbusho mpaka leo, na uzito wake ni kama gramu 4.25. Ni kwa uzito wa sarafu hizo za kale Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake juu ya Zaka, alipoikadiria nisabu ya dinari 20 kuwa gramu 85 za dhahabu. Basi kipande kilichohifadhiwa vema kimekuwa mizani ya nguzo ya dini.

Karibu zaidi na nchi hizi, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi zikiwa za shaba. Sarafu hizo ni ndogo, na upana wake ni yapata sentimita 2. Upande mmoja huandikwa jina la sultani na la baba yake. Upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa yakapatana kwa vina na jina lile. Aghalabu mwaka haukuandikwa, wala jina la mji. Kwa hiyo mtambuzi husoma jina kwanza, kisha hutazama mwandiko, madini, uzito na upana, akalinganisha na nyingine zinazojulikana. Mwaka 1936 mtaalamu John Walker alieneza uchunguzi wake juu ya masultani wa Kilwa na sarafu zao, nao ukawa msingi wa waliomfuata.

Hata hivyo matini peke yake haikutosha. Jina la Ali bin al-Hasan lilisomeka wazi, lakini alitawala lini? Walker alimweka katika zama za mbali. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba ukoo huo ulianza yapata mwaka 1200. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na sarafu zilizookotwa ovyo ufukoni hazikuweza kuamua.

Mwaka 1984 ilipatikana hazina katika Mtambwe Mkuu, huko Pemba: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na kati yao zenye jina la Ali bin al-Hasan. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu za dola ya Fatimiyya, ambazo huandikwa mwaka. Na mwaka wa karibuni kupita yote ulikuwa wa miaka ya 1060. Hapo shahidi asiye na tarehe alisimama ubavuni mwa shahidi mwenye tarehe. Ikadhihiri kwamba sultani huyo alikuwa wa karne ya 11, na kwamba Waislamu wa pwani walikuwa wakipiga fedha kwa majina yao mapema zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Lau hazina ile ingaligawanywa, dhahabu ikauzwa kwa sonara na vipande vya fedha vikatawanywa kwa wapita njia, jambo hilo lisingalijulikana.

Hali kadhalika, kipande kimoja cha shaba chenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimtembelea Kilwa mwaka 1331, kilipatikana Great Zimbabwe. Kwa bei ya sokoni shaba ile ni duni. Kwa mahali ilipoonekana ni hati ya biashara iliyounganisha bandari na nchi ya dhahabu.

Na upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Miaka mingi ikapita kabla hazijatambuliwa: nne ni za Waholanzi, na tano ni za Kilwa. Matini yake yasomeka, lakini isnadi imekatika. Zilifikaje huko, na katika chombo cha nani? Kila mtu hunena kwa dhana, na dhana haitoshi kuwa ushahidi.

Pengine atauliza mtu: haya yanamhusu nini Mwislamu wa Burundi, aliye mbali na bahari? Uislamu wa Rumonge na wa Bujumbura ulikuja na watu wa njia ya pwani, kwa kupitia Ujiji, na fedha zao ziliandamana nao. Hata neno hela, atumialo kila mtu sokoni, na amahera la Kirundi, ni jina la sarafu: heller ya Wadachi, iliyoanza mwaka 1904, mia moja kwa rupia. Katika masanduku ya wazee huenda zikawamo rupia hizo, au pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijra, yenye picha ya mizani. Huenda ikawamo reale ya Maria Theresa, nayo yataka hadhari: imeandikwa 1780, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huo huo muda mrefu baada ya malkia huyo kufa. Basi mwaka ulioandikwa si lazima uwe mwaka wa kupigwa.

Sarafu za namna hiyo isnadi yake imo vinywani mwa wazee. Nani aliileta? Aliipata kwa bidhaa gani, na katika mji upi? Mzee akifariki kabla ya kuulizwa, wajukuu hurithi madini matupu. Yafaa kila sarafu itiwe katika bahasha yake, na habari zake ziandikwe juu yake pamoja na jina la msimulizi na tarehe. Wala isisuguliwe kwa mchanga, majivu au ndimu ili ing'ae, kwani mng'ao huo huondoka na herufi.

Ama ile ionekanayo ardhini, heri iachwe ilipo mpaka waitwe wenye elimu. Sheria ya dini imeweka milango ya kilichookotwa na ya hazina iliyozikwa, kila mmoja na hukumu zake, na serikali nazo zina sheria zake; Tanzania imekuwa na sheria ya kulinda mambo ya kale tangu mwaka 1964. Katika Burundi iko Makumbusho ya Taifa huko Gitega. Aliyepata kitu na aulize kwanza, kabla ya kukipeleka kwa mnunuzi.

Waliotangulia waliandika juu ya shaba kwamba wanamtegemea Mola wao, kisha wakaondoka. Maneno yao ni amana mikononi mwa waliobaki. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, na awajaalie waliobaki kuwa waaminifu.