Tutajieni Siku

Msikilizaji, ratiba ya mtihani wa Kidato cha Nne huwa imebandikwa ukutani muda mrefu kabla ya Novemba. Ina siku, ina saa, ina somo. Ratiba ya matokeo haipo. Mwaka 2022 yalitoka tarehe 15 Januari. Mwaka 2023 yakatoka tarehe 29, mwaka 2024 tarehe 25, mwaka 2025 tarehe 23. Watu tunashtukia tu Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani anaongea na waandishi wa habari, basi, ndiyo siku yenyewe.

Mtoto wa mjini mwenye simu na bando hilo halimsumbui sana. Huku kwetu Karatu, mtoto akishaweka kalamu chini hakai. Wiki haijaisha keshateremka Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi, kufungulia maji kwenye majaruba ya vitunguu na kupalilia kwa ujira wa siku. Mwingine kaenda Arusha kumsaidia shangazi dukani. Kijana wa Endulen au Nainokanoka, huko Ngorongoro, anarudi kwenye ng'ombe, naye anakwenda panapo majani. Sina ugomvi na kazi hizo, hela ya vitunguu imenunua magodoro mengi ya bweni wilayani hapa. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna anayeweza kumwambia arudi lini.

Januari ikishika kasi, uvumi unaanza. Yanatoka kesho! Nani kasema? Kuna mtu mjomba wake yuko wizarani. Kwenye makundi ya WhatsApp linki zinarushwa, unabofya unakutana na matokeo ya zamani au tangazo la mkopo. Huko juu kwenye baridi ya Ngorongoro, ambako mtandao una mahali pake pa kuushikia, binti anapanda kilima jioni, anasubiri ukurasa ufunguke, chaji inakata, anashuka. Kesho anapanda tena.

Na binti huyo ndiye ninayemhofia zaidi. Zipo familia, na si za Ngorongoro peke yake, ambako msichana aliyemaliza Kidato cha Nne na hana jibu mkononi anahesabiwa amemaliza shule, nukta. Mposaji halisubiri Baraza. Mama akiwa na tarehe, analo la kusema mbele ya wazee: tuvumilie mpaka siku fulani. Asipokuwa nayo anaulizwa, mpaka lini? Ananyamaza.

Wako wanaosema matokeo hayaozi, utayakuta tu. Si kweli. Yakishatoka, TAMISEMI hutoa muda wa kubadilisha tahasusi, zile kombi ambazo mwanafunzi alizijaza kwenye selform kabla hajajua Fizikia itamtendea nini. Aliyejaza PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, kisha akapata D ya Hisabati na B ya Historia ana nafasi ya kurekebisha, ila awe na habari. Muda ukipita, umepita, naye bado yuko kwenye majaruba anadhani anasubiri.

Habari kuwapita waliotawanyika tulishaiona kwa ukubwa wake. Februari 2013 zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wa Kidato cha Nne walitangaziwa divisheni ziro. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Wapo waliopanda kutoka ziro. Lakini nani alikwenda kuwatafuta waliokwisha kutawanyika?

Najua Baraza litasema nini. Watahiniwa ni zaidi ya laki tano, skripti zinasahihishwa kwa mkono, udanganyifu lazima uhakikiwe, hatuwezi kujifunga. Haya. Uingereza nao wanasahihisha na kuhakiki, na siku ya matokeo ya sekondari ya juu, Alhamisi ya Agosti, inajulikana miezi mingi kabla. Lakini sisi hatujaomba miezi. Tunaomba tutajiwe siku saba kabla. Waandishi wa habari wanaalikwa kwenye kikao kile, nasi tualikwe.

Siku saba zinamtosha mtu kutoka Mang'ola na vumbi lake. Zinamtosha wa Endulen kupata lifti ya kuzunguka ukingo wa kreta na kufika Karatu mjini. Zinamtosha hata yule ambaye familia yake ilihama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kupiga simu na kuulizana nani atamwangalizia.

Mpaka watusikie, mzazi unayenisikiliza Rhotia, Endabash, Oldeani, fanya hivi leo. Kwenye tovuti ya Baraza majina hayaandikwi. Utakuta namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na alama za masomo. Kijana wa steshenari hawezi kumtafuta mwanao kwa jina la baba yake. Mpigie mtoto akusomee namba yake ya mtihani, ukianza na ile ya shule, uiandike nyuma ya mlango kwa chaki. Na kabla hujakata, muulize mwenye shamba anaitwa nani, na simu yake ni ipi.