HOTUBA YA KATIBU WA TAWI KWA WANAUSHIRIKA: NEPI ZA PAMBA NI KAZI YA NYUMBA NZIMA



Haya ndiyo tuliyoyasema mbele ya mkutano. Tumeyaandika hapa ubaoni ili waliokuwa mashambani nao wayapate, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake wa darasa la kisomo.

Leo hatuzungumzii bei ya pamba wala dawa ya wadudu. Tunazungumzia nepi za watoto wetu. Wapo baba watakaocheka na kusema ati hayo ni mambo ya akina mama. Wacheke, halafu wasikilize, maana fedha tunayoitaja hapa inatoka katika mfuko uleule wa pamba.

Hebu tupige hesabu kama tunavyofanya darasani. Mtoto akitumia nepi za kutupa, hizi tunazoziita pampasi, 6 kwa siku, basi kwa siku 30 ni 180. Tuseme kwa mfano moja ni shilingi 500. Mara 180 ni shilingi 90,000 kwa mwezi mmoja. Kama dukani kwako bei ni nyingine, chukua bei hiyo uizidishe mwenyewe kwa 180. Je, ni nyumba ngapi hapa kijijini zinashika fedha hiyo kila mwezi? Na miezi ambayo pamba bado iko shambani je?

Ndiyo maana mama hununua chache, akamvika mtoto moja tangu asubuhi mpaka jioni ili zisiishe. Mkojo na kinyesi vinakaa juu ya ngozi, mtoto anababuka, anatoka vidonda, usiku halali. Fedha imetoka na mtoto ameumia. Mama huyo hakukosa mapenzi, amekosa njia. Wengine wanaona haya kutumia kitambaa, wakidhani ni dalili ya umaskini. Jamani, sisi tunalima pamba! Mtoto wa mkulima wa pamba akivaa pamba, aibu iko wapi?

Sasa tuseme namna ya kufanya.

Kwanza, idadi. Ukifua kila siku, nepi 24 zinatosha. Kanga moja iliyochakaa ukiikata mara nne unapata nepi 4, kwa hiyo doti moja ni nepi 8. Kwa kitambaa kipya cha upana wa sentimita 90, kata kila sentimita 60. Nepi 12 zitakula mita 7 na sentimita 20. Pinda kingo zisifumuke.

Pili, kitambaa kiwe pamba kweli. Dondoshea maji: pamba iliyofuliwa huyanywa, tetroni na nailoni huyaacha yateleze. Au choma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu, nailoni huyeyuka na kuganda kama shanga. Kitambaa kipya kina dondo, hakinywi maji vizuri. Kifue mara tatu nne kabla mtoto hajazaliwa. Kanga ya zamani ni laini na inanywa maji, msiidharau.

Tatu, kufunga. Kunja pembetatu. Mtoto wa kiume unene uje mbele, wa kike ukae katikati. Ukitumia pini, weka kidole chako kati ya pini na ngozi ya mtoto. Usiku weka mbili. Ikilowa ibadilishwe, isingoje.

Nne, kufua. Kinyesi kitupwe chooni kwanza. Wapo wanaosema kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Si kweli, kinaleta magonjwa ya kuhara kama cha mtu mzima. Suuza kwa maji ya baridi, kisha fua kwa sabuni ya mche, kisha suuza tena mara mbili, kwa sababu sabuni ikibaki inawasha. Mtoto akiharisha, nepi zichemshwe. Maji machafu yasimwagwe karibu na kisima, wala tusifulie mtoni. Aliyefua anawe mikono kwa sabuni.

Tano, kukausha, na hapa tuwe macho. Kuna nzi anayependa kutaga mayai penye unyevu na harufu ya mkojo, hata kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai yakianguliwa, buu huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Basi tuanike kwenye kamba, juani, mpaka zikauke kabisa. Halafu zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, kwani moto wa pasi unaua mayai hayo. Masika, zikianikwa ndani, pasi ni lazima.

Hatumkatazi mwenye uwezo kununua za kutupa, wala anayesafiri na mtoto. Lakini tusizitupe chooni wala korongoni. Zina plastiki, haziozi. Shimo la choo linajaa kabla ya wakati, na mbwa huzikokota mpaka uwanjani.

Ndugu wanaushirika, tusidanganyane. Nepi za kitambaa ni rahisi kwa fedha, si rahisi kwa maji. Kila siku zinataka ndoo za ziada, na kiangazi sisi tunajua kisima kiko wapi. Tukisema “tumieni vitambaa” kisha tukamwachia mama aliyejifungua juzi ajitwike ndoo hizo peke yake, tutakuwa tumeokoa fedha ya baba kwa mgongo wa mama. Huko si kujitegemea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza kila mtu afanye kazi, halikusema wengine wakae kivulini.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu.

1. Ushirika ununue jora zima la marekani kwa bei ya jumla, fundi wetu wa cherehani akate na kupinda. Nyumba inayotarajia mtoto ichukue nepi 12, ilipe pamba ikiuzwa, na deni liandikwe katika daftari linaloonekana na wote. Mama asiye na mume apewe kwa masharti yaleyale.

2. Nyumba yenye mtoto mchanga, baba na vijana walete maji. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe apitie na mapipa ya jirani asiye nao.

3. Darasa la kisomo lifundishe kufua, kuanika na kupiga pasi nepi, na akina baba wahudhurie.

Mtoto akiwa na vidonda visivyopona, apelekwe zahanati, asipakwe dawa za kubahatisha.

Mtoto halii kwa ajili ya mama yake peke yake, analilia nyumba nzima. Nyumba nzima na imwitikie.



Umoja ni nguvu!

Katibu wa Tawi