Karatasi ilibaki ku gare
Maneno niliyosema mu mukutano wetu wa Koni



Munaniulizaka kila mara: nyumba ni ya nani? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni ya Leta, na mwenye sertifika ndiye mwenye haki. Sawa. Lakini mu 1992 na 1993, wakati watu wa asili ya Kasaï walifukuzwa, maelfu walilala ku gare ya Likasi kungojea treni. Pale, nani alichunga karatasi?

Mama mumoja alirudi, akakuta familia ingine mu parseli yake. Hawakuiba; walinunua, batoto wao wamezaliwa mule. Mimi niliandika mu ripoti: "Mama hana ushahidi." Ninasikia haya hata leo, sababu sikuuliza jirani hata mumoja. Niliporudi, muzee wa ngambo alinionyesha kisima, akataja majina ya waliokichimba, bwana ya ule mama ndani.

Ku Lubumbashi, kuanzia 2000, mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake walikusanya kumbukumbu za wakaaji. Sisi tufanye vile kwa parseli: mwanasheria asome karatasi, mwingine asikilize wazee. Neno la muzee peke yake halishinde sertifika ku tribinali, tusidanganyane. Lakini limeketisha zile familia mbili pamoja, mara mbili sasa. Hawajapatana bado.

Wazee wanaojua mipaka ya zamani wamebaki wachache. Leteni majina yao kwa sekretere mbele ya siku ya mungu.