Karata Tatu

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha jioni)



Katibu wetu aliponiandikia alinitaka nizungumze juu ya kile alichokiita "mazingaombwe ya Ndugu Afisa Mipango", kwa kuwa alinikuta siku moja kwenye sherehe ya kumuaga mstaafu nikiwachezea wageni karata. Alidhani nimejifunza Bara Hindi, au kwa mganga. Nilimjibu kwamba nimejifunza Ngerengere, kitandani, mguu ukiwa umefungwa hogo, kwa kutazama simu. Hakuniamini, na nadhani ndiyo sababu akaniweka kwenye ratiba saa hii, ambayo wasemaji huwekwa ili watu waliokwisha kushiba wapate usingizi.

Ilikuwa mwaka 2021. Bodaboda niliyopanda iliteleza kwenye mchanga, mfupa wa mguu ukavunjika, nikapewa mapumziko ya wiki nane. Nikaenda kuyamaliza kwa mama, Ngerengere. Mnaotoka huko mnakujua: joto, vumbi la mkonge, na mto wetu unaoshuka kutoka Uluguru, ukapita Morogoro mjini, na kutufikia sisi ukiwa umechoka. Siku hizi tunayo stesheni ya treni ya umeme, ambayo tangu Juni 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mimi leo nimekuja nayo. Lakini mwaka ule palikuwa kimya, na mtu mwenye mguu mmoja hana pa kwenda.

Mpwa wangu, kijana wa Kidato cha Tatu, ndiye aliyenionyesha. Sisi Waluguru mjomba ni mtu mkubwa, basi kijana aliona si vizuri mjomba wake akae anahesabu mabati. Akanifungulia video ya Mzungu mmoja, ambaye kwenye picha zinaonekana mikono tu na kitambaa cha kijani, akifundisha jinsi ya kuinua karata mbili kana kwamba ni moja. Nikaitazama mara ishirini. Kifurushi cha wiki kikaisha kwa siku mbili, mama akauliza kama ofisi inanilipia.

Nataka niseme kidogo jinsi somo hilo linavyokwenda, maana wengi wenu ni walimu na litawavutia. Kwanza ni mshiko. Karata hukaa katika kiganja cha kushoto, gumba juu, vidole vitatu ubavuni, na kidole cha shahada mbele. Ni jambo la dakika moja kulieleza, lakini lilinichukua siku tisa. Kisha nikagundua kwamba nimejifunza kinyume, kwa sababu mwalimu wa kwenye video anakutazama, na mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Siku tisa zile zikapotea. Mpwa wangu akatafuta video nyingine, zilizopigwa kutoka nyuma ya bega la mwalimu, ambamo mikono yake inatokea pale pale ilipo mikono yako. Tangu hapo nikaanza kwenda mbele. Karata zenyewe zilikuwa za karatasi hafifu, za duka la karibu na stesheni. Kwa jasho la Ngerengere zilivimba kama maandazi, nikawa nazipaka poda ya mtoto.

Wako mabingwa niliowajua kwa njia hiyo, ambao wengine walikuwa wamekwisha kufa. Yuko Dai Vernon, mtu wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1894 na kufariki mwaka 1992. Mafundisho yake yalirekodiwa kwenye kanda za video akiwa mzee wa miaka themanini na kitu. Yuko pia René Lavand wa Argentina, aliyefariki mwaka 2015. Huyu alipoteza mkono wa kulia kwa ajali ya gari akiwa mtoto wa miaka tisa, akafanya kazi benki miaka mingi, na mambo yake yote ya karata aliyafanya kwa mkono wa kushoto peke yake, polepole, tena akizidi kupunguza mwendo. Nilipomwona nikautazama mguu wangu, nikaona haya kulalamika.

Mpwa wangu, kwa upande wake, aliniuliza kwa nini sisi tunasema kopa, uru, shupaza na pau, wakati mwalimu wa kwenye video anasema vingine. Hilo nililiweza, kwa sababu ya mwalimu wetu wa Historia ambaye namwona pale mbele. Maneno hayo ni ya Kireno: copas, ouros, espadas na paus, na neno karata lenyewe limetoka huko, na turufu pia. Hao waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593 waliondoka, ngome ikabaki, na karata zikabaki. Hata lile ua jeusi tunaloliita shupaza, kwa Kireno ni upanga.

Baada ya wiki nne nilijiona fundi. Nikabebwa kwenye kiti hadi chini ya mwembe wanapokaa wazee kucheza bao, nikawafanyia. Jambo la kwanza, bibi mmoja alikataa kuirudisha karata aliyoichagua, akaifunga kwenye pindo la khanga na kwenda nayo nyumbani, akasema hawezi kuliacha jina lake mikononi mwangu. Mama naye akanionya nisimtie aibu mtaani, maana watu wakishasema fulani ni mchawi, hakuna anayekwenda kuwasahihisha. Mimi ni mtumishi wa Serikali na nchi yetu bado inayo Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, kwa hiyo nilimsikiliza. Toka siku hiyo kila nikianza hutangaza kwanza kwamba huu ni uongo, na nimejifunza kwenye simu.

Jambo la pili ndilo kubwa. Mzee mmoja, aliyefanya kazi ya mkonge tangu ujana wake, alinishika mara tatu mfululizo. Nilifikiri ameona vidole, kumbe vidole hakuvitazama kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, kila ukitaka kutuibia unameza mate."

Video haikunifundisha hilo, Ndugu Mwenyekiti. Kamera ina jicho moja, nalo linatazama mikono tu kwa sababu mikono ndiyo unayotaka kuiona. Mtu hukaa mbele ya simu mwezi mzima akaamini kwamba mchezo uko vidoleni. Mchezo uko kwa watu: nani anamtazama nani, nani anacheka, nani amesogea. Nilikuwa na wiki nne zaidi, nikazitumia pale pale chini ya mwembe nikijifunza kutomeza mate.

Ni katika wiki hizo mpwa wangu aliniletea video ya karata tatu.

Vijana wa leo huenda hamzijui, lakini sisi tuliopita kwenye stendi za mabasi miaka ile tunazijua. Mwenye karata ana mbili nyeusi na moja nyekundu, amezikunja kidogo katikati kama paa la nyumba. Mkono mmoja unashika mbili, moja juu ya nyingine. Mkono wa pili unashika moja. Akitupa, jicho lako linaamini kwamba iliyoanguka kwanza ni ya chini, maana ndiyo iliyo karibu na kibao. Kumbe ameiachia ya juu. Ufundi huo ni wa zamani. Umeelezwa katika kitabu kilichotolewa Chicago mwaka 1902 na mtu aliyejiita S. W. Erdnase, ambaye hadi leo haijulikani kwa hakika alikuwa nani.

Lakini mwalimu wa kwenye video akasema, hilo ni dogo, sasa tazameni kona. Mwenye karata anageuka kidogo, kama mtu anayeangalia polisi. Papo hapo mtazamaji mmoja anaiinua ile nyekundu, anaikunja kona yake, anairudisha na kukukonyeza. Mwenye karata akigeuka tena anajifanya hajaona. Anazitupa, na kona iliyokunjwa unaiona waziwazi. Unaweka fedha yako yote. Unafunua, ni nyeusi. Alipokuwa akizitupa, kidole chake kimoja kimeinyoosha kona ile na kuikunja nyingine. Na yule aliyekukonyeza ni mwenzake, na walioshinda kabla yako ni wenzake, na hata anayekuambia pole ni mwenzake. Watazamaji wote wako kazini, mteja ni wewe peke yako.

Nikaisimamisha video. Mpwa wangu akaniuliza kama mguu unauma. Nikamwambia ndiyo.

Ndugu zangu, Januari 1995 nilikuwa naingia Kidato cha Pili. Niliondoka Ngerengere alfajiri juu ya lori la mkonge, nikiwa na noti ishirini za shilingi elfu moja ambazo mama alikuwa amezishonea ndani ya mfuko wa kaptula. Alikuwa ameuza mbuzi wawili na mahindi ya akiba. Nilipofika stendi Morogoro palikuwa na kibao juu ya kreti ya soda, na watu kama saba. Alikuwepo mama wa makamo mwenye kikapu, ambaye alishinda mara mbili mbele ya macho yangu. Huyo ndiye aliyenivuta, kwa kuwa alifanana na mama zetu. Kona ikakunjwa. Nikaenda nyuma ya choo nikafumua mfuko kwa meno.

Miaka ishirini na sita niliamini kwamba niliibiwa. Video ile ndiyo iliyonionyesha nilikuwa nafanya nini pale. Niliiona kona, nikajua mwenye karata haijui, nikaweka fedha. Yaani nilitaka kumwibia. Aliyeibiwa hupiga kelele, watu wakakusanyika. Mimi ningepiga kelele niseme nini? Ndiyo maana nilinyamaza, nikaingia basini, nikafika hapa shuleni, nikakaa siku mbili nikitafuta maneno. Siku ya tatu nikamwendea mwalimu wa zamu nikamwambia ada yangu ilikuwa ndani ya sanduku, na usiku imeibwa.

Wa rika langu mnakumbuka yaliyofuata, maana mlisimamishwa mstarini na masanduku yenu yakamwagwa uwanjani. Mwenzetu aliyelala kitanda cha chini yangu alikutwa na raba mpya. Alisema alinunuliwa na mjomba wake. Hakuaminiwa. Alipigwa bakora mbele yetu na kurudishwa nyumbani majuma mawili, na aliporudi aliitwa jina ambalo sitalitaja, hadi Kidato cha Nne. Mimi nililitumia pia, kwa kuwa kila mtu alilitumia. Kamati ya shule ilinihurumia, nikasamehewa ada ya muhula ule.

Nilimtafuta kwa simu mwaka 2022. Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, pamoja na kona na kikapu. Alinyamaza muda mrefu hadi nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mjomba alikuja hapo shuleni na risiti. Wakamwacha getini." Akakata.

Nilimpigia tena mara nyingi. Mwaka huu, baada ya kupata barua ya Katibu, nilimwomba anikubalie niseme haya mbele yenu. Alikubali, kwa masharti mawili. Moja, nisimtaje jina. La pili, isiwe hadithi ya kuchekesha watu baada ya kula, bali iandikwe mahali. Nilimwomba aje. Alisema anayo shughuli, na amewasalimu wachache wenu, ambao nimekwisha kuwafikishia salamu zao kimya kimya.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, pamoja na mazungumzo haya ninatoa hoja. Naomba iingie katika kumbukumbu za mkutano huu, na nakala apelekewe Mkuu wa Shule iwekwe katika jalada la mwaka ule, kwamba wizi ulioripotiwa bwenini mwezi Januari 1995 haukutokea. Kwamba fedha hizo nilizipoteza mwenyewe Morogoro mjini. Na kwamba mwanafunzi aliyeadhibiwa hakuwa na kosa. Nimeiandika na kuitia sahihi, iko kwa Katibu. Ada ya muhula niliosamehewa nimeilipa jana kwa mhasibu wa shule, na stakabadhi nimeiambatanisha.

Karata ninazo hapa mfukoni, zote tatu. Anayetaka kuona jinsi kona inavyonyooka anikute mezani kwangu, nitamwonyesha polepole. Sasa naomba anayeiunga mkono hoja anyooshe mkono.