Twiga Mmoja au Wanne?

Baada ya taarifa ya habari, uchambuzi huu unamwangalia twiga, mamalia ambaye tangu Carl Linnaeus alipompa jina la kisayansi mwaka 1758 amehesabiwa na wengi kuwa spishi moja, yaani kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao na kupata watoto wenye uwezo wa kuzaa. Mwaka 2016 uchunguzi wa vinasaba ulipendekeza spishi nne, na mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia ukaukubali mgawanyo huo: twiga wa kaskazini, wa kusini, wa Kimasai mwenye mabaka yenye kingo zilizochanikachanika, na wa Somalia ambaye mabaka yake makubwa hutenganishwa na mistari myeupe iliyonyooka.

Je, jambo hili linamhusu nini msikilizaji wa kawaida? Twiga wakihesabiwa pamoja, wingi wa kundi moja huficha uchache wa jingine, na Kenya, yenye spishi tatu kati ya hizo nne, haiwezi tena kuwalinda wote kwa mpango mmoja.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema kwamba twiga wa makundi tofauti wakifungiwa pamoja huzaliana na hivyo ni spishi moja, hoja yenye uzito wake, ingawa porini hilo hutokea kwa nadra.

Linalobaki kuulizwa ni hili: mpaka wa spishi uchorwe na vinasaba au na uzazi, na mwanafunzi anayeulizwa kwenye mtihani kama twiga ni spishi moja au nne aandike jibu lipi?